Redio ya Mjini Humpigia Nani?

Katika nyumba nyingi redio ni moja na masikio ni mengi. Baba ataka habari na bei ya mazao. Mama ataka kwaya, vijana wataka muziki wa kucheza, na babu ataka watu wote wanyamaze. Nyumbani shauri hili huamuliwa upesi: baba husema neno moja, au kijana hungoja baba alale. Lakini huko mjini, katika kituo chenyewe, ni nani aamuaye muziki gani upigwe?

Wengi wetu hudhani kwamba yuko bwana mmoja apendaye muziki, ameketi mbele ya rundo la santuri, naye kazi yake ni kuchagua zilizo nzuri. Katika mji wenye kituo kimoja tu huenda ikawa hivyo. Lakini mahali penye vituo kumi au ishirini vinavyogombania watu wale wale, mambo ni mengine kabisa. Ili tuyaone vizuri, twende mbali kidogo, mpaka mji wa Chicago, Marekani. Nauchagua mji huo kwa sababu wakulima wa huko walikuwa na redio yao kubwa yenye nguvu, kisha siku moja waliamka wakakuta si yao tena.

Kituo hicho kiliitwa WLS. Kilifunguliwa mwezi wa Aprili, mwaka 1924, na kampuni ya Sears, Roebuck. Kampuni hiyo iliwauzia watu wa mashambani vitu kwa njia ya posta: mtu hutazama picha katika kitabu, hutuma fedha yake, na jembe au gauni humfikia kwa treni. Herufi zile tatu za jina zilikuwa na maana ya Duka Kubwa Kupita Yote Duniani. (Wenye maduka hawana haya ya kujisifu.) Wiki moja tu baada ya kufunguliwa, kikaanza kipindi cha Jumamosi usiku kilichokuja kuitwa National Barn Dance, yaani Ngoma ya Taifa ya Ghalani. Zilipigwa fidla na banjo, zikaimbwa nyimbo za zamani ambazo wazee walizijua tangu utoto wao. Gene Autry, aliyekuja kuwa maarufu sana katika sinema za wachunga ng'ombe, aliimba humo kabla hajawa mtu mkubwa.

Mwaka 1928 Sears wakakiuza kituo kwa gazeti la wakulima lililoitwa Prairie Farmer, gazeti la siku nyingi lililoanzishwa mwaka 1841. Tangu hapo kituo kikazidi kuwa cha shamba. Saa ya chakula cha mchana mkulima alisikia bei za ng'ombe, nguruwe na mahindi, na hali ya hewa. Asubuhi zilisomwa sala. Hata kile kilio maarufu cha mtangazaji Herbert Morrison, aliyeiona ndege kubwa ya Wajerumani, Hindenburg, ikiungua mwezi wa Mei, mwaka 1937, kilitoka kwa mtu wa WLS. Mitambo yake ilikuwa na nguvu ya wati 50,000, nayo ilikuwa ndiyo nguvu ya juu iliyoruhusiwa na serikali. Usiku sauti yake ilifika majimbo mengi, mbali sana na Chicago.

Basi, Jumatatu tarehe 2 Mei, 1960, yote hayo yakaisha. Kampuni ya ABC ya New York ilikuwa imekwisha kuwa mwenye kituo chote. Asubuhi ile watu walipofungua redio zao, hawakusikia fidla wala bei ya nguruwe, bali rock and roll, muziki wa vijana, na watangazaji wenye kusema haraka kama wapiga mnada. Ngoma ya Ghalani, iliyokuwa imechezwa kwa miaka 36, ilitolewa nje. Baadaye ilipata hifadhi katika kituo kingine cha mji ule, WGN, ikaishi huko mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1960.

Mtu atauliza: Je, wakulima walikuwa wameacha kusikiliza? Hapana, walikuwapo bado. Neno la kufahamu ni hili: msikilizaji si mnunuzi wa redio ya biashara. Wewe hulipi kitu. Mnunuzi ni mwenye sabuni, mwenye soda, mwenye duka la nguo. Yeye ndiye atoaye fedha ili tangazo lake lisomwe. Na bidhaa anayoinunua ni nini? Ni masikio yako. Wimbo ni chambo tu cha kuyavuta masikio hayo mpaka tangazo lifike. Mvuvi hamchagulii samaki chambo kwa sababu yeye mwenyewe akipenda kukila.

Sasa, katika miaka ya 1950 televisheni iliingia katika nyumba za Wamarekani, ikachukua michezo ya kuigiza, vichekesho na matangazo makubwa ya jioni. Redio zikaachwa na saa nyingi tupu na fedha kidogo. Santuri ilikuwa rahisi kuliko bendi ya watu kumi na wawili wenye kutaka mshahara. Ndipo akatokea kijana mmoja wa mji wa Omaha, jina lake Todd Storz. Yeye na baba yake walinunua kituo cha KOWH mwaka 1949. Husimuliwa kwamba aliketi katika hoteli ndogo yenye mashine ya santuri ile ya kutia senti, akaona watu wakichagua nyimbo zile zile mchana kutwa. Na wateja walipokwisha kuondoka, msichana mhudumu, aliyezisikia tangu asubuhi, akatoa senti yake mwenyewe akapiga wimbo ule ule tena! Hadithi hii husimuliwa kwa namna nyingi. Lakini fundisho alilolichukua Storz ni wazi: watu husema wanataka nyimbo nyingi, lakini fedha yao huchagua chache. Akapunguza orodha, akazipiga zilizouzwa sana mara kwa mara, na Omaha ikamfuata.

Hapa nijibu manung'uniko ninayoyasikia mara nyingi, kwamba redio za mjini hurudia wimbo mmoja mpaka kichwa kiume. Wenye redio si viziwi. Wao wamehesabu kwamba mtu wa mjini husikiliza kwa kipande: robo saa akinyoa ndevu, nusu saa katika motokaa, kidogo dukani. Katika kile kipande wataka asikose wimbo anaoupenda. Kwa hiyo wimbo wa kwanza katika orodha huenda ukarudi baada ya saa moja au mbili. Lakini aketiye na redio mchana kutwa, kama fundi cherehani, au mama anayepukuchua mahindi, huyo ndiye anayeumia. Orodha ile haikutengenezwa kwa ajili yake.

ABC walipoitwaa WLS walilitazama jambo kwa macho hayo. Chicago ilikuwa na mamilioni ya watu, na vijana wao walikuwa wengi kuliko wakati wowote, kwani watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wanaanza kukua. Vijana wale walikuwa na fedha ya mfukoni. Tena hapakuwa bado na kituo cha wati 50,000 kilichowapigia muziki wao usiku na mchana. Mkulima wa jimbo la mbali aliyesikia usiku hakuwa na faida kwa mwenye duka la viatu mjini. Kwa hesabu ya fedha hawakukosea. Katika muda mfupi WLS ikawa mojawapo ya redio mashuhuri kabisa nchini, na mwezi wa Februari, mwaka 1963, mtangazaji wake Dick Biondi alipiga santuri ya vijana wanne wa Liverpool, waitwao Beatles, wakati karibu Wamarekani wote walikuwa hawajapata kulisikia jina hilo.

Hata hivyo mimi sisemi kwamba ilikuwa haki. Nguvu zile za wati 50,000 zilitolewa na serikali, na sababu moja ya kuviruhusu vituo vichache vifike mbali usiku ilikuwa ni kuwahudumia watu wa mashamba wasio na kituo karibu. Nguvu ikabaki, huduma ikaondoka. Hilo nalo lastahili kutiwa katika hesabu, ingawa halionekani katika daftari la mweka hazina.

Tuendelee, kwani mambo mazuri zaidi yako mbele. Vituo vingine vya Chicago viliyaona mafanikio hayo, na kila mmoja akajiuliza: Na sisi tufanye nini? Hapo ndipo akili hupimwa. Fikirini njia iendayo sokoni. Mama mmoja auza maandazi, naye apata faida. Kesho wanakuja wengine watatu, wote na maandazi. Mwenye akili ni yule wa tano aletaye uji.

Au tuseme kwa tarakimu. Mjini wako watu elfu moja. Mia nne wapenda muziki wa vijana, na mia na hamsini wapenda nyimbo za shamba. Vituo vinne vikigawana wale mia nne, kila kimoja hupata mia. Kituo kimoja kikiwachukua wale mia na hamsini peke yake, kimewashinda wote wanne, ingawa kila mtu mjini atasema muziki wa vijana ndio upendwao zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kituo haliwi “Muziki gani hupendwa na wengi?” bali “Ni nani ambaye bado hana wa kumpigia?” Liko na la pili, lenye ukali zaidi: “Je, huyo hununua nini?” Kwani mia na hamsini wasio na fedha hawawezi kumshawishi mwenye sabuni.

Mwaka 1963 ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, walinunua kituo kidogo upande wa magharibi wa Chicago wakakiita WVON, yaani Sauti ya Mtu Mweusi. Nguvu yake ilikuwa wati 1,000 tu, na usiku pungufu ya hapo. Linganisheni na zile 50,000! Lakini katika Chicago walikuwako watu weusi wapata mamia ya elfu, wengi wao wametoka kusini mwa nchi kutafuta kazi, na redio kubwa ziliwasahau, au ziliwapa saa moja hapa na saa moja pale. WVON ikawapa siku nzima: muziki wao, habari zao, sala zao, na watangazaji waliosema kama majirani. Kituo kile kidogo kikasimama pamoja na vile vikubwa katika hesabu ya wasikilizaji, bila kusikika hata nje ya mji. Wale ndugu wawili, walakini, walikuwa pia na kampuni ya kutengeneza santuri. Mtu kuwa mwenye shamba, tena mwenye mizani ya sokoni, ni jambo la kutazamwa kwa macho mawili.

Jambo hilo la mizani lilikuwa limewaaibisha sana Wamarekani. Mwaka 1959 na 1960 Bunge lao lilichunguza habari za watangazaji waliopewa fedha kwa siri na wenye santuri ili wapige nyimbo zao. Mtangazaji Alan Freed, mmoja wa waliolieneza jina la rock and roll, aliangamia kwa kesi hiyo. Mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza malipo ya siri. Vituo vingi vikamnyang'anya mtangazaji haki ya kuchagua santuri, vikampa msimamizi mmoja wa vipindi. Siku zile msimamizi huyo aliwapigia simu wenye maduka kuuliza santuri zipi zimeuzwa, naye aliandika orodha ya juma lile. Tangu hapo ile sauti ya uchangamfu usikiayo redioni ni ya mtu asiyeweza, mara nyingi, kubadili hata wimbo mmoja.

Na wale wapenzi wa fidla waliofukuzwa mwaka 1960? Walikaa miaka mitano. Mwaka 1965 kituo kingine cha Chicago, WJJD, kikatazama sokoni, kikaona watu wengi wamesimama bila uji. Kikageuka kuwa kituo cha nyimbo za shamba, siku nzima. Wasikilizaji wake hawakuwa wakulima tu. Walikuwa pia wafanyakazi wa viwanda na madereva wa malori, watu waliohamia mjini lakini mioyo yao ikabaki kwao. Kumbe watu wa shamba walikuwamo mjini muda wote! Mwaka 1975 hata WMAQ, kituo cha wati 50,000, kikafuata njia hiyo hiyo. Kile ambacho ABC walikitupa nje kama kitu cha wazee kilikuwa mali katika mikono ya jirani.

Mwaka ule ule wa 1965 kituo cha WCFL kilifanya kinyume chake. Hiki kilikuwa cha vyama vya wafanyakazi wa Chicago, kilichoanzishwa mwaka 1926 ili mfanyakazi apate sauti yake. Nacho kilikuwa na wati 50,000. Kikaamua kupambana na WLS kwa muziki ule ule wa vijana. Kwa miaka zaidi ya kumi vituo hivi viwili vikapigana: zawadi kwa wasikilizaji, mizaha, kunyang'anyana watangazaji. Larry Lujack, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, alivuka kutoka kimoja kwenda kingine zaidi ya mara moja, kila mara kwa mshahara mkubwa zaidi. Vijana walifurahi, kwani ng'ombe wawili wakishindana kutoa maziwa, mtoto hanung'uniki. Lakini kila msikilizaji aliyepatikana alikuwa amenunuliwa kwa gharama, na wakati huo huo vituo vya FM, vyenye sauti safi zaidi kwa muziki, vilikuwa vikiwachukua vijana wale kidogo kidogo.

Mwezi wa Machi, mwaka 1976, WCFL ikachoka. Ikaacha muziki wa vijana, na kabla ya kuanza muziki wake mpya, ule laini usio na maneno mengi, ilipiga kwa muda wa saa nyingi sauti ya mawimbi ya bahari tu. Hapakuwa na mtangazaji wala wimbo. Maji yakija, maji yakirudi, mbele ya kijana aliyefungua redio yake kwa ajili ya Lujack. Lujack mwenyewe, kwa sababu ya mkataba wake, alibaki pale kwa miezi kadhaa akitangaza muziki ule wa usingizi, hata akarudi WLS.

Na mshindi? WLS ilishinda vita, lakini uwanja wenyewe ulikuwa unahama. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 Wamarekani wengi zaidi walisikiliza FM kuliko redio za namna ya zamani. Mwaka 1989 WLS nayo ikaacha muziki, ikawa redio ya mazungumzo. Muziki wa vijana ulidumu pale miaka 29, nao wa fidla ulikuwa umedumu 36.

Jambo lingine dogo, lakini lina maana. Hao wasikilizaji wahesabiwao, huhesabiwaje? Kwa miaka mingi kampuni iliyoitwa Arbitron iliwapa watu wachache waliochaguliwa kijitabu, nao waliandika kwa juma moja vituo walivyosikiliza. Baadaye, kuanzia mwaka 2007, katika miji mikubwa kikaletwa chombo kidogo cha kubeba kiunoni, kisikiacho chenyewe. Kumbe chombo hakidanganyi! Watu walikuwa wakiandika majina ya vituo walivyojivunia, na kuvisahau vile walivyovisikia kwa bahati dukani au kwa jirani. Lakini iwe kijitabu au chombo, hugawiwa katika eneo la mji. Aliye nje ya mpaka, hata kama redio inasikika kwake vizuri kama kengele, si kitu katika hesabu ile.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kama kwenu kituo cha mjini kinasikika, nanyi mwaona hakiwapigii ninyi, msidhani kwamba yule mtangazaji awadharau. Huenda hajui kwamba mpo. Katika Chicago kituo cha WFMT, kilichoanza mwaka 1951 na muziki wa kale wa Ulaya, muziki wenye wapenzi wachache, kimeendelea na muziki huo mpaka leo. Sababu mojawapo ni kwamba wasikilizaji wake hukiandikia na kukichangia fedha, nacho chajua hasa ni akina nani na wako wapi. Juma lijalo, tukipata nafasi, tutaona vituo vidogo visivyo vya biashara hupata wapi fedha zao. Wakati huo huo nitafurahi mkiniandikia: kwenu redio hushikwa na nani saa ya jioni, na huyo akitoka nyumbani, nani huibadili?